Mcheza kriketi wa Cambridge aliyezikwa Ibambi, Kongo: nini kilimfanya aache vyote?

#1 Mutu_wa_Isiro
Wakuu, salaam. Niko Kampala kikazi, lakini kwetu ni Isiro, Haut-Uélé.

Sisi tuliokulia kanisa la CECCA tumemsikia Bwana Mukubwa tangu tukibebwa mgongoni. Mzungu mzee, mkondefu, mwenye ndevu na banjo yake. Alifia Ibambi tarehe 16 Julai 1931 na akazikwa hapo hapo. Jina lake la kwao ni Charles Thomas Studd, maarufu kama C.T. Bibi yangu alikuwa akilitaja jina hilo kama anavyotaja mtu wa ukoo.

Sasa wiki iliyopita mzee mmoja wa Kihindi tunayefanya naye kazi aliniuliza natoka wapi. Nilipotaja Ibambi akaweka kikombe chini. Akasema, "Kwenu ndiko alikozikwa Studd wa Majivu!" Nikadhani amechanganya watu. Nimechimba siku saba, kumbe ni yeye yule yule. Alichezea Chuo Kikuu cha Cambridge, akachezea England, na jina la ukoo wao limo katika shairi lililobandikwa kwenye kile kichupa kinachoitwa Majivu, wanachokigombania England na Australia kwenye kriketi mpaka leo.

Nina maswali mawili. Kijana wa miaka 20 na kitu, tajiri, nyota wa nchi, anaachaje yote hayo? Na la pili: kwa nini kwenye mechi kubwa kuliko zote walimficha mpaka mwisho?

#2 Kashata_na_Kahawa
Nimetandika mkeka mbele kabisa. Wajuzi njooni.

#3 Simba_wa_Msimbazi
Kriketi? Ule mchezo watu wanasimama juani kutwa, mara wanakunywa chai? Mkuu, wiki nzima umechimba hilo? Tuletee habari za mpira.

#4 Mlinda_Vijiti
#3 kaka, kaa utulie usome, utaupenda. Mimi nimecheza kriketi shuleni Nairobi miaka sita nikiwa nyuma ya vijiti, na jina la Studd nalijua, ila la Ibambi sikulijua kabisa. Asante mleta uzi.

Ngoja niwape picha ya mwaka 1882. Cambridge walikuwa na ndugu watatu kwenye kikosi kimoja, Kynaston, George na Charles, wote Studd, wote wametoka Eton. Australia walikuja Uingereza na kikosi cha kutisha, na Cambridge, wanafunzi hao, wakawafunga kwa wiketi sita, yaani wakiwa bado na wapigaji sita hawajatolewa. Charles peke yake alipiga mikimbio (pointi) 118. Baadaye akawapiga tena 114 kwenye uwanja wa Lord's, London, akichezea MCC, klabu ya kriketi yenye uwanja huo. Mwaka ulipoisha alikuwa amepita mikimbio 1,000 na wiketi 100 (wapigaji aliowatoa) katika msimu mmoja, na kabla yake ni W.G. Grace, nyota mkubwa wa England, peke yake aliyewahi kufanya hivyo. Mwaka 1883 akarudia. Alikuwa na miaka 22.

Na unahodha wa Cambridge ulizunguka ndani ya nyumba moja: George 1882, Charles 1883, Kynaston 1884.

#5 Kashata_na_Kahawa
Nyumba moja imetoa manahodha watatu mfululizo! Mama yao alikuwa anapika nini?

#6 Ngalawa77
Kwa hiyo huyo Charles ndiye alikuwa nahodha wa England siku ile walipofungwa na Australia kwa mikimbio minane, yakazaliwa Majivu?

#7 Mzee_wa_Redio
#6 kijana wangu, umekosea mawili. Nahodha alikuwa A.N. Hornby wa Lancashire. Na walifungwa kwa mikimbio saba.

Niwaeleze taratibu kwa sababu hapo ndipo swali la pili la mleta uzi lilipo. Uwanja wa The Oval, London, tarehe 28 na 29 Agosti 1882. Australia zamu ya kwanza 63, England 101. Australia zamu ya pili 122. England wakahitaji 85 tu kushinda. Thamanini na tano! Wana Grace, wana kila mtu. Walifika 51 akiwa ametoka mtu wa tatu, na kila mtu uwanjani akajua kazi imekwisha. Grace akatoka na 32 zake, timu ikiwa 53.

Halafu Spofforth. Huyu mrushaji wa Australia alichukua wiketi saba zamu ya kwanza na saba zamu ya pili, jumla 14 kwa mikimbio 90. Ilifika mahali England wanasukuma mpira ova (fungu la mipira ya mrushaji mmoja) baada ya ova, hakuna hata mkimbio mmoja. Wakati wote huo Studd, aliyewapiga Waaustralia hao hao mikimbio 118 na 114 mwaka ule ule, yuko nje, amekaa. Kaingia mtu wa kumi. Wa kumi, jamani!

Zamani hizo ova moja ilikuwa mipira minne. Studd akaingia timu ina 75. Barnes upande wa pili akadakwa mara moja. Akaja Peate, wa mwisho kabisa. Peate akapiga mbili, akarushiwa tena, akajaribu kuupeleka mpira mbali, vijiti vikaanguka. 77. Studd hakupata kupiga hata mpira mmoja. Kwenye karatasi kaandikwa 0, hakutolewa. Siku nne baadaye gazeti la Sporting Times likachapa tangazo la msiba wa kriketi ya Kiingereza, likisema mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia.

#8 Simba_wa_Msimbazi
Haya, nimekaa. Endelea mzee.

#9 Bati_la_Upanga
Shikamoo #7. Nilivyosimuliwa na kocha wetu, mvulana aliogopa. Siku ilikuwa ya baridi na Studd alionekana akizunguka nje amejifunika blanketi anatetemeka. Hornby akamuona hayuko sawa, akamrudisha nyuma. Zamu ya kwanza Spofforth alikuwa ameshamtoa kwa sifuri. Mtu akipigwa sifuri asubuhi, jioni mikono inajua.

#10 Mlinda_Vijiti
#9 blanketi ni kwa sababu ya baridi. Hata mimi Limuru mwezi wa saba nimevaa sweta mbili nikisubiri zamu. Sikubali kwamba aliogopa. Studd mwenyewe alipokuja kuisimulia siku ile alisema Hornby alianza kupangua orodha, akamuuliza kama ataona vibaya kusogezwa nyuma, naye akajibu hapana. Akaambiwa anawekwa akiba. Wenzake wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine kama maembe ya upepo, na akiba ikabaki akiba.

#11 Ngalawa77
Akiba ya nini timu inazama? Hata kwenye penalti humuweki mpigaji wako bora wa tano, mnaweza mkatoka kabla hajafika. Tumeshayaona hayo.

#12 Mzee_wa_Redio
Kuna na hili la Peate. Alikuwa mcheza kriketi wa kulipwa, mtu wa Yorkshire, anakula kwa jasho. Studd alikuwa bwana, anacheza kwa heshima. Inasimuliwa kwamba Peate alipoulizwa kwa nini hakuzuia tu mpira ili Studd apate zamu, alijibu kwamba hakuweza kumwamini *Mister* Studd. Wengine wanalichukua kama neno la kujitetea baada ya kuharibu. Wengine wanalichukua kama ushahidi wa #9, kwamba Peate aliuona uso wa kijana alipokuwa anaingia akajua hapa hakuna msaada. Mimi nalisikia kwa sikio jingine: mfanyakazi hakuwa tayari kumwachia mwana wa tajiri amalizie kazi.

#13 Mutu_wa_Isiro
#12 mzee, umenigusa. Yorkshire walimwita Mister na hawakumwamini. Sisi tukamwita Bwana.

#14 Bi_Vuga
Assalamu alaykum. Nimesoma yote. Nina swali dogo, Mutu_wa_Isiro: mbona mnaandika "Mukubwa"? Ni Mkubwa. Kiswahili chenu cha huko mnakiharibu.

#15 Mutu_wa_Isiro
Dada yangu, wa alaykum salaam. Sisi husema mutu, mutoto, mukubwa. Hatukuharibu, ndivyo tulivyokipokea na tukakiishi. Hicho ni Kingwana. Na hata jina lake lina asili kwenu: waungwana, watu wa misafara ya pwani, wa wakati wa Tippu Tip. Walikuja kutafuta pembe na watumwa, wakaacha lugha. Studd alipokuwa mzee, anaumwa, alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana hicho hicho, si kwa Kiswahili sanifu cha vitabu, ili mama wa shambani aelewe. Kwetu lile "mu" ni la nyumbani.

#16 Bi_Vuga
Nimekuelewa, na nimefuta kauli yangu. Marehemu mama alikuwa akisema Kiswahili kina watoto wengi. Hili la Agano Jipya la Kingwana sikulijua. Endeleeni.

#17 Kashata_na_Kahawa
Hapa ndipo ninapoupenda uzi. Tumetoka The Oval tumefika kwa Tippu Tip bila nauli. Lakini swali la kwanza bado: kwa nini aliacha?

#18 Mama_Nuru
Mimi si mtu wa michezo ila nitajibu hilo kwa sababu yalinikuta. Mwishoni mwa 1883 kaka yake George aliugua, wakadhani anakufa. Charles alikaa kitandani kwake usiku na mchana. Akajiuliza sifa zote hizi zinamsaidia nini huyu anayekata roho? George alipona. Charles hakurudi tena kuwa yule yule.

Mwaka juzi nilikesha wodini na mdogo wangu siku kumi na moja. Kulikuwa na saa ya ukutani iliyosimama saa nne na dakika ishirini, hakuna aliyeirekebisha. Nilikuwa na duka, na mkopo, na ugomvi wa mpaka wa kiwanja na jirani. Siku ya tano nilijaribu kukumbuka ugomvi ule ulianzaje, sikuweza. Mdogo wangu alipona, alhamdulillahi. Nilirudi nikamwachia jirani ile hatua moja ya ardhi. Kwa hiyo mnaposhangaa Studd kuacha kriketi, mimi sishangai kabisa.

#19 Simba_wa_Msimbazi
Pole sana mama. Nashukuru umetuambia.

#20 Bati_la_Upanga
Pole Mama_Nuru. Lakini naomba kuongeza: jambo lilianza kabla ya George. Lilianza kwa baba. Edward Studd alitajirika kwa kilimo cha nili (mmea wa rangi ya buluu ya nguo) kule India, akarudi Uingereza akanunua jumba la Tedworth, akafuga farasi wa mashindano. Farasi wake Salamander alishinda Grand National mwaka 1866. Mwaka 1875 akaenda kumsikiliza mhubiri Mmarekani, Moody, akageuka moja kwa moja. Farasi akauza, jumba akaligeuza mahali pa mahubiri. Akaishi miaka miwili tu baada ya hapo. Watoto waliona baba yao akifanya jambo lile lile ambalo Charles alikuja kulifanya. Mtoto umleavyo.

#21 Nili_na_Chumvi
Na mimi naongeza pale pale kwenye nili. Mnaipita haraka. Wakulima wa India walilazimishwa kulima nili badala ya chakula, na bei wakapangiwa. Fedha zile zilinuka. Naamini mtoto aliyerithi fedha ya namna hiyo, akiwa na moyo, hawezi kulala. Ndiyo maana alizitupa zote.

#22 Mlinda_Vijiti
#21, kuhusu wakulima wa nili uko sahihi. Lakini kwamba Studd alitoa fedha kwa sababu ya hatia ya nili, hilo ni lako. Yeye alieleza mwenyewe kwamba alilitii neno la Injili kwa tajiri, uza ulivyo navyo uwape maskini. Tusimpe mtu sababu ambazo hakuzisema.

#23 Nili_na_Chumvi
Mtu hasemi kila kinachomsukuma. Nabaki hapo hapo.

#24 Ngalawa77
Fedha zenyewe zilikuwa kiasi gani?

#25 Mzee_wa_Redio
Pauni 29,000, alipotimiza miaka 25. Fedha ya wakati ule, mtu angeishi maisha yake yote bila kugusa jembe. Wakati huo ameshafika China. Aliondoka Uingereza tarehe 5 Februari 1885 na wenzake sita, wale walioitwa Saba wa Cambridge, wakajiunga na misheni ya Hudson Taylor, wakavaa nguo za Kichina na kusuka nywele kama Wachina. Basi akaanza kuandika hundi. Pauni 5,000 kwa Moody. 5,000 kwa George Müller wa nyumba za yatima Bristol. 5,000 kwa kazi ya maskini Whitechapel, 5,000 kwa Jeshi la Wokovu India. Na nyingine ndogo ndogo.

Alibakiza 3,400, akampa mchumba wake Priscilla Stewart kabla ya harusi yao, 1888. Priscilla akamuuliza, "Yule kijana tajiri aliambiwa afanye nini?" Akajibu, "Auze vyote." Basi na hizo nazo zikaenda.

#26 Simba_wa_Msimbazi
Huyo Priscilla ndiye nahodha.

#27 Mama_Nuru
Kweli kabisa #26, na ndiye anayeniuma. Huyu mama alizaa mabinti wanne China. Wakarudi Uingereza 1894 mume akiwa mgonjwa. Wakaenda India, Ootacamund, wakakaa miaka sita. Halafu mume, ana miaka 50, ana pumu, madaktari wamemkataza, anaondoka 1910 kwenda Sudan. Mwaka 1913 anaingia Kongo. Akarudi kidogo, akaondoka tena 1916, hakurudi tena. Mke aliyabeba ya misheni nyumbani, barua, safari, michango. Walionana tena mara moja tu, 1928, wiki mbili. Mwaka uliofuata mama akafariki. Wiki mbili katika miaka kumi na tatu! Hapo siwezi kumpigia makofi.

#28 Bati_la_Upanga
Walikubaliana wenyewe, dada. Mama alikuwa na kazi yake na aliifanya kwa moyo.

#29 Mama_Nuru
Kukubali na kutoumia ni vitu viwili, kaka.

#30 Bi_Vuga
Nasimama na Mama_Nuru.

#31 Kijana_wa_Masaka
Samahani nawatoa kidogo kwenye reli. Yule anayedhani kriketi si mchezo wa kwetu, Uganda tulicheza Kombe la Dunia la T20 (kriketi ya mechi fupi) mwaka 2024 na tukawafunga Papua New Guinea. Na Wakenya waliwafunga West Indies mwaka 1996, wakafika nusu fainali 2003.

#32 Mlinda_Vijiti
#31 usiniguse 2003, machozi yatatoka. Steve Tikolo nahodha, mtaa mzima umejazana dukani kwenye televisheni moja. Nilikuwa na bati (gongo la kupigia mpira) la kuchonga kwa mbao ya sanduku, nimeandika jina lake kwa mkaa.

#33 Mutu_wa_Isiro
Nirudi kwa Kongo, kwa sababu kuna jambo linanikaa kooni. Nimejua kwamba safari yake ya Afrika ilianza na tangazo aliloliona ukutani Liverpool, 1908. Tangazo lilisema wala-watu wanahitaji wamisionari. Hao "wala-watu" ni babu zangu. Mwaka ule ule ndio Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa analazimishwa kuiachia Kongo, baada ya mikono kukatwa kwa ajili ya mpira wa miti. Ulaya nzima ilikuwa imeshaona picha za mikono ile. Na bado ukutani waliandika hivyo.

Huyu mzee nampenda. Bibi alimpenda. Aliingia na kijana Alfred Buxton kupitia Mahagi, wakafika Niangara, baadaye Nala, halafu Ibambi, akalala kwenye nyumba ya majani kama sisi, akala kidogo, akafanya kazi mpaka akaisha. Lakini tangazo lile nalo ni sehemu ya habari yake, na sitaki lifichwe.

#34 Mzee_wa_Redio
Usilifiche mwanangu. Na uweke pia kwamba alikuwa mkali mno. Alitaka kila mmisionari afanye kazi kama yeye, waliochoka akawaona vuguvugu. Mwishoni aligombana na kamati yake mwenyewe London wakamtoa kwenye misheni aliyoianzisha. Maumivu yakamfikisha kwenye morfini. Na miaka hiyo hiyo kaka yake Kynaston alikuwa Meya Mkuu wa London, kisha rais wa MCC mwaka 1930. Ndugu wawili waliokuwa kikosi kimoja. Mmoja Lord's, mmoja Ibambi kwenye kitanda cha kamba.

#35 Nili_na_Chumvi
Hapa mzee umenigusa hata mimi.

#36 Ngalawa77
Swali la mwisho kwangu: hilo shairi la kwenye kichupa linasemaje? Na alirudi kucheza na Waaustralia?

#37 Mlinda_Vijiti
Alirudi baada ya wiki chache tu. Alisafiri na George kwenye kikosi cha Ivo Bligh, aliyekuwa nahodha wa Cambridge kabla yao, kwenda Australia 1882/83. Walipotoka Colombo meli yao ikagongana na nyingine, mrushaji wao Morley akaumia mbavu. Wakashinda mechi mbili kati ya tatu zilizopangwa. Bligh akapewa kichupa, kidogo tu, kama sentimita 11, unakifunika kwa kiganja. Shairi linasema Ivo atakaporudi na kichupa, akina Studd, Steel, Read na Tylecote watarudi naye. "Akina", kwa wingi, kwa sababu ya Charles na George. Kichupa kiko Lord's.

#38 Mutu_wa_Isiro
Asanteni wote. Mwezi ujao naenda nyumbani, nitapita Ibambi na kuwaletea picha ya kaburi.

Jana usiku nimemsimulia mwanangu wa miaka tisa ile ova ya mwisho ya The Oval. Peate anapiga mbili, Peate anakosa, vijiti chini. Akaniuliza, "Baba, na yule wa upande wa pili alikuwa anafanya nini?" Nikamwambia alikuwa amesimama na bati lake, anaangalia. Akauliza, "Alikuwa anataka kupiga?" Wakuu, nimekosa jibu. #9 na #10, mwambieni ninyi.

#39 Bati_la_Upanga
Mwambie alikuwa anasikia baridi.

#40 Mlinda_Vijiti
Mwambie alikuwa ameshapiga 118 na 114, na mikono ilikuwa inamwasha.